Nilipe laki na nusu blogu yangu iwekwe kwenye tovuti 300 za kuhifadhi linki?

Swali la msomaji:

Assalamu alaykum kaka. Niko Tanga, huu ni mwaka wa nne naandika blogu ya mapishi ya pwani kwa Kiswahili: visheti, mkate wa sinia, samaki wa kupaka, biriani na vyakula vya Ramadhani. Natumia Blogger, na anuani yangu bado ni ile ya blogspot. Zamani nikiweka linki Facebook watu walimiminika, sasa nikipata ishirini nashukuru. Kuna kijana ananiambia nimpe shilingi 150,000 aiandikishe blogu kwenye tovuti 300 za kuhifadhi linki, ati Google itanipandisha ndani ya mwezi mmoja. Kingine kinachonishangaza, takwimu zangu zinaonyesha wageni wengi hawana chanzo, sijui wametokea wapi, na wengi wao wako Omani. Nimlipe? Na siku hizi mwanablogu aweke nguvu zake wapi?

Jibu:

Waalaykumu salaam dada yangu. Usimlipe. Naanza na hilo kwa sababu najua huenda anakupigia kila siku, na ahadi ya mwezi mmoja inamvutia mtu aliyechoka kuandika bila kusomwa. Kazi anayokuuzia ilikuwa na maana miaka ishirini iliyopita. Leo haina, na inaweza kukuharibia. Nitakueleza ilikotoka, maana ukijua asili yake, hata ikirudi kwako na jina jingine utaitambua.

Mwaka 2003 Mmarekani Joshua Schachter alianzisha tovuti iitwayo Delicious. Badala ya kuhifadhi anuani za kurasa ulizozipenda ndani ya kompyuta yako, ulizihifadhi mtandaoni, ukazibandika lebo kama "mapishi" au "samaki", na mtu yeyote akaweza kuiona rafu yako. Ukipekua lebo ya "samaki" ulikutana na kurasa ambazo watu mia tofauti, wasiojuana, waliona zinafaa kutunzwa. Mwaka uliofuata ikaja Digg, watu wakipigia kura habari hadi zipande ukurasa wa mbele. Mwaka 2005 ikaja Reddit. StumbleUpon ilikuwapo tangu 2001, nayo ilikuwa na kitufe kimoja tu: ukibonyeza, unapelekwa kwenye ukurasa usioutarajia ambao mwenzako aliupenda.

Kwa mwanablogu wa siku zile hii ilikuwa neema. Blogu ndogo ikifika ukurasa wa mbele wa Digg ilipata wageni wengi kwa saa moja kuliko iliowapata mwaka mzima, na mara nyingi seva ilizidiwa ikaanguka. Lakini angalia nguvu hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa binadamu aliyesoma, akapenda, akaitunza linki kwa hiari yake, na binadamu wengine walikuwa wakiitazama rafu ile. Ukiondoa wasomaji hao, linabaki daftari la anuani ambalo hakuna anayelifungua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Yahoo iliinunua Delicious mwaka 2005, ikaiuza 2011, kisha ikapita mikono kadhaa hadi 2017, tovuti nyingine ndogo ya kazi hiyohiyo, Pinboard, ilipoinunua kwa dola 35,000 na kuifunga isipokee linki mpya. Digg ilibadilisha mfumo wake Agosti 2010, watumiaji wakachukia, wakahamia Reddit kwa makundi. Mwaka 2012 ikauzwa vipandevipande. StumbleUpon, ambayo eBay iliinunua kwa dola milioni 75 mwaka 2007, ilifungwa Juni 2018. Pocket, iliyokuwa ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye na ambayo Mozilla iliinunua 2017, imefungwa Julai 2025. Katika majina yale makubwa, ni Reddit tu iliyozidi kukua, hadi ikaingia soko la hisa la New York Machi 2024. Digg nayo ilinunuliwa upya na mwanzilishi wake Kevin Rose akishirikiana na Alexis Ohanian, mmoja wa waanzilishi wa Reddit. Walitangaza hivyo Machi 2025. Kurudi kwake hakuzihuishi zile tovuti 300 za kwenye orodha ya kijana wako.

Zile 300 ni maganda. Fungua tano tu kati ya alizokutajia, usome kilichobandikwa leo. Utakuta dawa za nguvu za kiume, kamari, mikopo ya haraka, na makala za Kiingereza kibovu zilizobandikwa na programu za kompyuta. Hutaona maoni hata moja ya mtu aliyepika kitu. Visheti vyako vitakaa katikati ya uchafu huo, na atakayevitembelea ni mashine.

Kuhusu Google, huna haja ya kunitegemea mimi. Kampuni hiyo ina masharti yake ya wazi dhidi ya spamu, na katika mifano ya linki za ulaghai inataja kwa jina linki za kutoka tovuti duni za orodha na tovuti duni za kuhifadhi linki. Yaani biashara ya kijana huyo imeandikwa humo. Hata zamani ilikuwa na kikomo: tangu Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana juu ya alama inayoitwa nofollow, ambayo tovuti huiweka kwenye linki zilizobandikwa na watu wa nje ili zisihesabiwe kama kura, na tovuti nyingi za aina hii ziliiweka. Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyopewa jina Penguin, na blogu nyingi zilizokuwa zimenunua linki kwa mamia zikaporomoka. Siku hizi mara nyingi linki hizo hupuuzwa tu, na hapo utakuwa umetupa laki na nusu. Lakini adhabu nayo bado ipo, na ikikupata, kuisafisha ni kazi ya miezi.

Tena kama amekuomba nywila ya Blogger au ya barua pepe "ili afanye kazi vizuri", na umeshampa, ibadilishe leo kabla hujaendelea kusoma.

Sasa nije kwenye lile lililokushangaza, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la swali lako la pili.

Watu hawakuacha kutunza linki. Waliacha kuzitunza hadharani. Facebook iliweka kitufe cha kuhifadhi mwaka 2014, Instagram mwishoni mwa 2016, Twitter mwaka 2018. Kila jukwaa likajenga kabati lake la ndani, na funguo za kabati hilo anazo mtumiaji peke yake. Mtu akihifadhi biriani yako Instagram, jirani yake haoni, hivyo ile faida ya rafu ya wazi haipo tena. Na kwetu kabati kubwa kuliko yote ni WhatsApp. Mama akipenda mapishi yako hayapeleki Delicious. Anayatupa kwenye grupu la ukoo, au anajitumia mwenyewe kwenye namba yake ili aje ayaone siku ya kupika.

Wale wageni wako wasio na chanzo ndio hao. Linki iliyofunguliwa kutoka WhatsApp kwa kawaida haibebi alama ya kueleza ilikotoka, kwa hiyo chombo cha takwimu humwandika mgeni huyo kama vile ameiandika anuani yako kwa mkono. Hakuna mtu wa Maskati anayeandika anuani ndefu ya blogspot kwa mkono, dada. Kinachotokea ni kwamba linki yako imo katika grupu la familia ambayo nusu iko Tanga au Unguja au Mombasa, na nusu iko Omani, watu ambao bibi zao walipika visheti hivyohivyo na wao wanataka vipimo. Una wasambazaji tayari. Hujawahi kuwaona, basi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifanya linki yako isafiri vizuri ndani ya WhatsApp. Nitakaa hapa kidogo.

Mtu anapobandika linki kwenye WhatsApp, simu yake huenda kwenye ukurasa wako ikachukua kichwa cha habari, maelezo mafupi na picha moja, ikatengeneza kile kikadi kinachoonekana juu ya linki. Kikadi kikitokea bila picha, au kikiwa na nembo ya blogu badala ya chakula, watu wanapita. Picha hiyo huchukuliwa kwenye maelezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa, yanayoitwa Open Graph. Mandhari nyingi za sasa za Blogger huyaweka zenyewe, ila yako ya miaka minne iliyopita sina uhakika nayo, ndiyo maana nakuomba ufanye jaribio hili: jitumie linki zako kumi, uone ngapi zinatoka na picha ya chakula. Picha nzito mara nyingi hukataa kutokea. Ibane iwe chini ya KB 300. Na ukiwa wewe ndiye unayetuma, subiri kikadi kitokee kabla ya kubonyeza kutuma, kwa sababu kinatengenezwa kwenye simu yako na kinahitaji sekunde kadhaa. Wengi wanabandika na kutuma papo hapo, kisha wanailaumu blogu.

Uzito wa picha una jambo jingine ambalo kwangu ni la heshima kwa msomaji. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na MB 4. Ukiweka kumi na mbili za ukubwa huohuo, za hatua za kukanda, kukata na kukaanga, umemwambia mtu alipie MB 48 za bando ili ajue visheti vinakunjwaje. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na uzibane zisizidi KB 200 kila moja. Ukurasa wote utashuka chini ya MB 3, na jikoni, akiwa na unga mikononi, hataona tofauti yoyote.

Kichwa cha habari nacho kibebe jina la chakula mwanzoni kabisa, kwa sababu kwenye kikadi maneno ya mwisho hukatwa. "Mkate wa sinia wa vikombe vitatu vya mchele" kitafunguliwa. "Karibuni wapenzi wasomaji wangu tujumuike tena leo" kitapitwa, hata kama ndani kuna mkate bora kuliko yote ya Tanga. Na kumbuka chakula kimoja kina majina mawili au matatu kwetu: anayeuita mkate wa sinia na anayeuita mkate wa kumimina wanatafuta kitu kilekile. Jina moja liende juu, la pili liwe katika sentensi ya kwanza.

Jua pia mipaka ya usambazaji. Tangu 2019 WhatsApp inamruhusu mtu kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu yasiyozidi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, unasambazwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Hatua hizo ziliwekwa kupunguza uvumi, nami naziunga mkono, lakini maana yake kwako ni kwamba linki moja haitasambaa kama moto kwa kubonyezwabonyezwa. Inasambaa mkono kwa mkono, kwa mtu aliyeamua kwamba fulani inamfaa. Mapishi yanayojibu haja ya siku fulani ndiyo yanayosafiri hivyo. Makala ya "Futari ya watu kumi kwa jiko moja la mkaa" iwe tayari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na utaiona ikirudi kwako kutoka kwa watu usiowajua.

Hapo ndipo Chaneli za WhatsApp zinapoingia. Zilianza Juni 2023 katika nchi mbili, Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizofuata mwezi mmoja baadaye, na ilipofika Septemba zikafunguliwa katika nchi zaidi ya 150. Fungua yako. Ni bora kuliko grupu kwa kazi yako, kwa sababu wafuasi hawaonani namba, nawe namba yako haionekani. Mwanamke mwenye blogu anajua kwa nini hilo ni muhimu. Hakuna pia mtu wa kuleta matangazo ya upatu saa sita usiku. Ila nikuonye kwa mambo mawili. Ujumbe wa Chaneli unatunzwa kwenye seva zao kwa muda usiozidi siku 30, kwa hiyo usiyaweke mapishi kule peke yake ukaona umeyahifadhi. Yaweke kwenye blogu kwanza, kisha uwaite watu. Pili, wafuasi hao huwezi kuwabeba. Huna orodha ya namba zao, na siku jukwaa likibadilika huna pa kuwatafutia.

Nashauri mara mbili kwa wiki, si zaidi. Mara moja linki ya mapishi mapya. Mara ya pili jambo dogo lililokamilika palepale bila linki: namna ya kujua kama tui limekatika, kwa nini unga wa visheti unapasuka. Usiwafanye watu wafungue linki kwa kila kijiko cha chumvi.

Pinterest sasa, mtandao ambao watu hubandika picha kwenye mbao za mada mbalimbali. Katika kila kilichotokana na zile tovuti za kuhifadhi linki, hii ndiyo iliyobaki hai na inayofaa mapishi, na nashangaa wanablogu wetu wa chakula wachache tu wanaitumia. Ilianza 2010, na ina watumiaji zaidi ya milioni 500 kwa mwezi. Tofauti yake na Instagram ni kwamba picha imefungwa kwenye linki: mtu akiibonyeza anafika kwako. Na haifi kesho yake. Posti ya Facebook huisha ndani ya siku mbili, lakini picha ya Pinterest inatafutwa kwa maneno, hivyo ya Ramadhani hii inaweza kuibuka Ramadhani ijayo bila wewe kuigusa.

Sitakudanganya, jirani yako wa Ngamiani huenda hajawahi kuifungua. Lakini watoto wa Kiswahili waliokulia London, Toronto au Minneapolis wapo humo, na wao hutafuta kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha kubahatisha. Kwa hiyo andika jina la chakula kwa Kiswahili na chini yake maelezo ya sentensi mbili kwa Kiingereza. Blogu ibaki ya Kiswahili. Atakayefika atasoma, au atamwomba mama yake amsomee, na hapo umepata wasomaji wawili.

Fungua akaunti ya biashara, ni bure. Thibitisha kwamba blogu ni yako kwa kubandika mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta ndani ya mandhari ya Blogger. Pinterest yenyewe itakupa mstari huo na maelekezo. Picha ziwe za wima, pikseli 1,000 kwa 1,500, na jina la chakula liandikwe juu ya picha. Andika pia jina la blogu yako kwenye picha yenyewe, mahali ambapo haliwezi kukatwa bila kukiharibu chakula. Picha za vyakula vya pwani zinaibwa mno na kurasa za Facebook zenye wafuasi maelfu, na hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu aliyeamka alfajiri kukanda ni mwingine. Unda mbao chache zenye majina ya wazi, kama vile vitafunwa vya chai, futari, samaki, wali, na kila mapishi mapya yatengenezee picha mbili au tatu tofauti. Linki za Pinterest nazo zina ile alama ya nofollow, kwa hiyo hazikupandishi Google. Zinaleta watu, na watu ndio uliokuwa ukiwatafuta.

Facebook haikukuchukia wewe. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba ukurasa wa habari utapendelea posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara na vyombo vya habari, na tangu wakati huo linki za kutoka nje zimezidi kusukumwa chini. Jukwaa linalouza matangazo halitaki mtu atoke. Usipoteze usingizi kwa hilo. Weka video fupi au picha zinazotosheleza zenyewe, linki iweke kwenye maoni ya kwanza, na uwepo wako huko uwe wa kujulikana tu. Instagram hali ni hiyo hiyo: linki ndani ya maelezo ya picha haibonyezeki, ila tangu Aprili 2023 unaruhusiwa linki hadi tano kwenye wasifu, na kwenye stori kuna kibandiko cha linki kwa kila mtu. Jipya linalokufaa ni kwamba tangu Julai 2025 posti za hadharani za akaunti za kitaalamu za Instagram zinaweza kutokea kwenye matokeo ya Google. Kama akaunti yako imewekwa kuwa ya kitaalamu, maelezo ya chini ya picha yaandike kama unayemwandikia mtu anayetafuta, jina la chakula likitangulia.

X (ile Twitter ya zamani), Threads, Bluesky na Mastodon kwa blogu ya mapishi ya Kiswahili ningeziacha. Nimeona kuna raha ya mazungumzo Bluesky, iliyofunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, na haizibani linki. Lakini wasomaji wako hawako huko. X hata mmiliki wake, Elon Musk, Novemba 2024 aliwashauri watu waandike maelezo kwanza na linki waiweke kwenye jibu la chini, kwa hiyo ujue linki zina thamani gani pale. Na Mei 2025 X ilizuiwa Tanzania. Mwenye blogu aliyekuwa amewakusanya wasomaji wake wote huko aliamka hana mlango.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo ndilo ningetaka ulifanye kabla ya Chaneli na kabla ya Pinterest. Chukua sehemu ya ile laki na nusu ununue jina lako mwenyewe la tovuti. Jina la .co.tz kwa mwaka halifiki hata nusu ya fedha hiyo, na Blogger hukuruhusu kuliunganisha bila malipo ya ziada. Linki za zamani za blogspot zilizolala ndani ya magrupu ya Omani hazitakufa, kwa kuwa Blogger huwahamishia wageni kwenye anuani mpya yenyewe. Faida ni kwamba siku ukiamua kuihama Blogger kwenda WordPress au kwingine, jina unaondoka nalo. Kila linki iliyotunzwa kwenye simu ya mtu ni ahadi kwamba akirudi atakukuta. Ikiwa anuani ni ya mtu mwingine, ahadi hiyo huitimizi wewe. Waliohifadhi maelfu ya linki zao Delicious walilijua hilo kwa uchungu.

Blogu yako pia ina mlisho wa RSS, yaani anuani inayotoa makala zako mpya ili programu nyingine zizisome, hata kama hukuwahi kuugusa. Kwenye Blogger unapatikana ukiongeza feeds/posts/default?alt=rss mwisho wa anuani. Google ilipoifunga Google Reader Julai 2013 wengi walidhani RSS imekufa, lakini bado inatumika na programu kama Feedly, na pia na huduma zinazotuma makala zako mpya kwa barua pepe zenyewe. Jisajili kwenye mojawapo na uweke kisanduku cha kujiandikisha chini ya kila mapishi. Nyumbani watu hawasomi sana barua pepe, nakubali. Walioko ughaibuni wanasoma, na orodha ya barua pepe ni mali unayoweza kuipakua ukaihifadhi.

Katika kuhifadhi, tenga saa moja kila mwezi. Pakua nakala ya makala zote za blogu kutoka mipangilio ya Blogger, na yale mapishi ambayo ungelia yakipotea, yale uliyoyapata kwa wazee ambao hawapo tena, yapeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambako ukurasa huhifadhiwa bure kwa kubandika anuani yake. Kama unataka kabati lako binafsi la linki za kujifunzia, Raindrop inafanya kazi nzuri. Hapo ndipo kuhifadhi linki kunapobaki kuwa na maana kwa mwandishi: kwa matumizi yake mwenyewe.

Neno moja la kisheria, kwa kuwa uko Tanzania. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni, na zimebadilishwa mwaka 2020 na tena 2022. Kabla hujaanza kuchukua matangazo ya kulipwa, uliza TCRA wenyewe, mamlaka ya mawasiliano, kama blogu ya mapishi inahusika kwa kanuni za sasa. Usiulize kwenye magrupu.

Kwa fedha iliyobaki baada ya kununua jina, nunua taa moja ndogo ya kupigia picha jikoni. Samaki wa kupaka aliyepigwa picha usiku chini ya balbu ya manjano anaonekana kama udongo, na ni huyohuyo atakayetokea kwenye kikadi cha WhatsApp na kwenye Pinterest. Kisha chukua mapishi yako ishirini yanayosomwa zaidi, si yote, uyarekebishe vichwa, picha na uzito. Anza na ya Ramadhani. Ukikwama wakati wa kuunganisha jina na Blogger, nitumie maneno yanayotokea kwenye skrini kama yalivyo, maana hapo ndipo wengi hukwama na tatizo huwa ni mstari mmoja tu.